Siku Mkono Wangu Ulipokujibu

Mwanangu Zuhura,

Sikuulizi hali, maana asubuhi tu tumekunywa chai pamoja, na wewe ukaimaliza mihogo mpaka baba yako akarudi kuchungulia sufuria. Nakuandikia jua likiwa bado juu. Wewe umekwenda Ikungi kumuaga bibi yako, na baba yako yuko uani anapigana na godoro lako. Anataka liingie kwenye gunia la alizeti. Nimemwambia haliingii. Ananijibu kwamba godoro ni kama mtu, ukilibembeleza linakubali. Nimewaacha wabembelezane.

Kesho unapanda basi la Morogoro kwenda kujifunza kuendesha magreda. Mambo ya kufua, kupika na kujitunza siyaandiki hapa. Kufua unajua, kupika umeshanipita, na kuhusu wanaume shangazi yako alikukalisha chini juzi. Niliwasikia mkicheka nikajua somo limeingia. Mimi nataka kukusimulia jambo ambalo umeishi nalo nyumba moja lakini umeliona kwa nje tu. Ni habari ya maumivu yangu. Usikunje uso. Si barua ya kilio. Kuna sehemu mimi mwenyewe nacheka ninapoandika.

Unakumbuka siku niliyorudi kutoka Dar es Salaam, matibabu yamekwisha. Ulikuwa kidato cha pili. Titi la kushoto limeshaondolewa, dawa za dripu nimemaliza, mionzi nimemaliza, nywele zinaanza kuota laini kama za mtoto mchanga. Daktari alikuwa amesema hawauoni tena ugonjwa. Mjomba wako akatukodia gari kutoka Singida mjini hadi hapa Sepuka, na tulipofika wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi mmoja akakata kamba. Kuku walichinjwa. Hata jirani yetu Mzee Ntandu, mtu ambaye hajawahi kuchinja kuku hata kwa mgeni wa serikali, siku hiyo alichinja. Shehe akaomba dua. Akina mama wa kanisani nao wakaomba, wakasema Mungu hana ubaguzi. Niliombewa pande zote mpaka nikahisi nikifa sasa nitakuwa nimewaaibisha watu.

Sasa niambie. Mtu aliyechinjiwa kuku kwa sababu amepona, anaanzia wapi kusema bado anaumwa?

Maana nilikuwa naumwa. Kovu la kifuani lilinivuta kama vile nimeshonwa kwa uzi mfupi. Nikiinua mkono kuanika kanga, uzi unakaza. Kwapa linawaka. Ikifika jioni mkono umevimba, vidole vimejaa kama ndizi. Na nyayo! Zile dawa za dripu ziliniachia nyayo za ajabu. Nilikuwa natembea kwenye sakafu yetu ya saruji, nimeifagia mwenyewe, lakini nyayo zinaniambia nimekanyaga mbigili. Mwanzoni nilikuwa nakaa chini nageuza mguu kuutafuta mwiba. Baba yako akiniuliza natafuta nini, namwambia naangalia kama nimepauka.

Nilinyamaza kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa aibu. Nilitibiwa wodi moja na wanawake ambao hawakurudi kwao. Mimi nimerudi, nina mume, nina mtoto, halafu nilalamike kwapa? Nilijiona ningekuwa mtu asiye na shukrani. Ya pili ilikuwa woga. Kila palipouma mahali papya nilisema moyoni, umerudi. Nikienda hospitali watauona. Nisipokwenda, haujarudi. Unaiona akili hiyo? Ni sawa na mtu anayeona moshi jikoni, akafunga mlango ili nyumba isiungue.

Jambo nililokuwa silijui ni hili. Maumivu yakikaa na mtu muda mrefu, hayabaki mkononi. Yanapanda. Yanaingia kwenye ndiyo yake na hapana yake, yanaanza kumwamulia mambo, na yeye anadhani anaamua mwenyewe.

Nianze na jogoo, maana wewe ulikuwa shuleni na hadithi hii uliipata nusu. Kulikuwa na asubuhi ambayo sikuwa nimepata usingizi. Jogoo akaja kuwika chini ya dirisha. Akiwika, nasikia kwapani. Akiwika tena, nasikia kwapani. Nikatoka, nikamkamata kwa mkono mmoja, na mpaka leo sijui nilimkamataje. Kijana wa bodaboda alikuwa anapita barabarani. Nikamsimamisha, nikamwambia, "Chukua, ni sadaka." Kijana alishukuru mpaka akavua kofia. Nikarudi ndani nikalala usingizi mzito kama mtu aliyefanya jambo la maana.

Kabla chai haijachemka, Mzee Ntandu yuko mlangoni.

"Mama Zuhura, hujamwona jogoo wangu?"

"Jogoo wa rangi gani?" nikauliza.

"Huyo huyo unayemjua. Mwekundu, ana mkia mweusi."

"Kwani yule ni wako?"

"Ni wangu tangu akiwa yai."

Nikasimama pale natafuta pa kuangalia. Baba yako alikuwa nyuma yangu, akaelewa kila kitu. Akaenda bandani, akaleta jogoo wetu mkubwa kuliko wote, akampa Mzee Ntandu bila maelezo. Mpaka leo mzee akinikuta asubuhi njiani ananiuliza, "Umeamkaje leo? Nimfungie jogoo?"

Hiyo ilikuwa ya kuchekesha. Nyingine hazikuchekesha. Unajua nilivyokuwa naimba kwenye harusi. Nilikuwa sikosi, watu walinifuata hadi huku. Nikaacha. Nikasema sauti imeharibika. Sauti haikuwa na tatizo lolote. Tatizo ni kwamba watu wa harusini wanakumbatia, na wa kwetu hawakumbatii nusu. Mdogo wangu alipoolewa Manyoni nilituma kanga, mwenyewe sikwenda. Nilisema basi linanichosha. Msimu uliofuata nikamwambia baba yako tusilime shamba la bondeni kwa sababu mvua itakuwa haba. Mvua ikanyesha mpaka vyura wakahamia uani.  Baba yako alisimama mlangoni anaangalia maji yanapita, kisha akaniangalia, kisha akaangalia maji.

Kila hapana yangu ilikuwa na sababu nzuri, imevaa nguo safi. Hakuna hata moja iliyosema, "Nakataa kwa sababu naumwa." Ndiyo maana hata mimi sikuijua. Na mbele nilikuwa siangalii tena. Nilikuwa sinunui kitambaa cha nguo, sipandi mche wa mpapai, kwa kuwa mpapai unachukua muda. Niliishi kama mgeni aliyeambiwa asifungue begi.

Halafu ikaja ile asubuhi yako.

Ulikuwa umemaliza kidato cha nne. Nilikuwa nakoroga uji. Vidole vilikuwa na ganzi, mwiko ukaniponyoka ukaanguka kwenye majivu. Wakati huohuo ukaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, kuna chuo cha mitambo Morogoro. Wanafundisha greda na katapila, na wasichana wanachukua. Nimeulizia..."

"Hapana."

Sikuwa nimesikia hata neno la mwisho. Ndipo nikaanza kuivalisha nguo ile hapana. "Mwanamke na greda, wapi na wapi? Utaolewa na nani, katapila?" Ulianza kucheka, kisha ukaniangalia usoni, ukaacha. Ukasema, "Sawa, mama." Ukaokota mwiko, ukauosha, ukamalizia uji. Hukulia, hukununa. Ningefurahi kama ungenuna.

Mtoto ambaye walipokuwa wanatengeneza barabara yetu alishinda kando ya greda mpaka vumbi likambadilisha rangi! Mtoto aliyekuwa anazitofautisha mashine kwa mlio akiwa kitandani! Nami nilijua.

Baba yako aliniuliza jioni, "Mbona ulimjibu haraka hivyo?"

"Mimi si mama yake?"

"Ni mama yake. Mimi nimeuliza habari ya ile haraka."

Nikamwambia aniache nina kazi. Sikuwa na kazi. Nilikuwa nimekaa.

Ukabaki nyumbani. Ukawa unalima na baba yako, unachota maji, unauza vitunguu mnadani, na majirani wakanisifu kwamba nimelea. Mimi nilikubali sifa.

Ulipofika msimu wa kupura alizeti, nikagusa kwapani nikakuta kitu kigumu, kama kamba, kimekaza kuelekea kwenye kiwiko. Nikajua ndiyo basi. Sikumwambia mtu. Nilianza kukunja nguo zangu vizuri, nikawa naangalia nyumba kama mtu anayehama. Nilikuwa nimeshachagua hata kanga ambayo utabaki nayo. Lakini siku moja baba yako akanikuta nimeshindwa kufunga kanga kiunoni, nalia kwa hasira, si kwa huzuni, kwa hasira ya kushindwa na kanga. Hakuuliza. Alisema tu, "Vaa viatu." Tukaenda hospitali mjini.

Daktari, kijana mpole, alinipima, akanipeleka kwenye kipimo, akaniambia nisubiri. Kusubiri kule sikuelezi. Mwisho akaniita akasema si kansa. Ile kamba ni nyama iliyokaza kwa sababu ya upasuaji na mionzi, na kwa sababu nimekaa muda mrefu bila kuunyoosha mkono. Akanipeleka kwa muuguzi mmoja mtu mzima, mwenye miwani.

"Mkono huu unauma tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu nilipopona," nikamjibu.

Akainua kichwa. Akavua miwani. "Tangu lini?"

"Tangu nilipopona."

Nikasikia mwenyewe nilichosema, na yeye akakisikia, tukaanza kucheka, Zuhura, tukacheka hata mlinzi akachungulia. Baada ya kufuta machozi akaniambia, "Mama, kupona kansa na kuacha kuumwa ni mambo mawili. La kwanza walikutibu. La pili hukuwaambia." Akaniambia maumivu ya namna ile yanawapata watu wengi waliotibiwa kama mimi, kwamba si kukosa shukrani, na kwamba yana matibabu yake. Sikujua. Nilidhani ndiyo nauli ya kubaki hai.

Nikapewa kidonge cha jioni cha mishipa ya fahamu, na soksi ndefu ya kubana mkono, ile uliyosema inanifanya nionekane mchezaji mpira. Nikafundishwa kupandisha vidole ukutani taratibu, kama mjusi. Baba yako alikuwa akinikuta nimeelekea ukuta anaondoka kimyakimya, alidhani nasali vibaya.

Maumivu hayakuisha. Nikuambie ukweli, mengine hayataisha. Lakini yalishuka, yakawa mgeni badala ya mwenye nyumba. Nikaanza kulala. Na mtu aliyelala anaona mambo ambayo asiyelala haoni.

Kwenye benchi la hospitali ile ndipo nilipokutana na Mama Eliya wa Mkiwa, ambaye umemzoea sasa, anayeuzia abiria wa mabasi kuku na mayai. Yeye alitibiwa kansa ya shingo ya kizazi. Unamjua kwa kelele zake, lakini hujui tulivyofahamiana. Alikuwa amekaa pembeni yangu anakula mahindi ya kuchoma, akaniuliza bila salamu ndefu, "Wewe maumivu yako yanakufanya nini?"

Nikamwambia, "Yananiuma."

"Hilo la wote. Nauliza yanakufanya nini. Mimi yananifanya nigawe vitu."

Kisha akanisimulia. Mwaka uliopita tumbo lilimkamata, akaamini ugonjwa umerudi. Hakwenda hospitali, kama mimi tu. Lakini mimi nilifunga milango, yeye alifungua yote. "Niliita watu," akaniambia. "Sufuria kubwa nikampa wifi. Blanketi nikampa mwenyekiti wa kwaya. Mbuzi nikagawa kama pipi. Watu wanalia, mimi naendelea kugawa. Nikakumbatia kila mtu, nikasamehe hata wasioomba. Kisha nikalala nisubiri."

"Ikawaje?"

"Nikasubiri. Kesho yake nikasubiri. Njaa ikaniuma. Nikaamka nipike, sufuria sina!"

Nilicheka mpaka kovu likanivuta, nikawa nalishika huku nacheka.

"Nikaenda kwa wifi," akaendelea, "nikamwomba aniazime sufuria yangu. Unajua alinijibu nini? 'Chukua, lakini uirudishe kesho, nina wageni.'"

Alipokwenda hospitali baadaye aliambiwa ni makovu ya mionzi tumboni, yana dawa. Amebaki mzima, hana mbuzi. Blanketi alirudishiwa, kwa sababu mwenyekiti wa kwaya ana hofu ya Mungu. Sufuria hadi leo iko kwa wifi.

Nikamwambia habari zangu. Nikamwambia kuhusu harusi, shamba la bondeni, nikamwambia kuhusu jogoo. Halafu nikamwambia kuhusu wewe na uji, na hapo hakucheka. Akatupa kigunzi cha hindi, akasema, "Sisi wawili tungekorogwa pamoja angetoka mtu mmoja mwenye akili." Kisha akaniambia anachofanya siku hizi. "Nikitaka kutoa kitu, au kukataa kitu, nauliza kwanza. Ni mimi au ni tumbo? Nikikosa jibu, nakula, nalala, naangalia kesho. Kitu cha kweli hakiozi kwa siku moja."

Nilirudi na swali hilo kwenye basi. Ni mimi au ni mkono? Nikaanza kulitumia kwa mambo madogo. Na usidhani kila mara jibu lilikuwa kwamba mkono unadanganya. Mara nyingine mkono ulikuwa na haki. Uliniambia nisibebe ndoo kichwani, na ni kweli nisibebe. Uliniambia nisikae juani nikipura siku nzima, na ni kweli. Mkono una haki ya kusema. Nilichounyang'anya ni kiti cha mwenyekiti.

Niliporudi nilitaka tuzungumze lile la Morogoro, lakini wewe ulikuwa huliulizi tena. Hukuuliza hilo wala lingine. Nilianza kukuangalia, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Ukitaka kuniambia jambo, kwanza unasimama mlangoni. Unasikiliza.

Kisha siku moja binamu yako Asha alikuja, alitaka kuniomba ruhusa ulale kwao. Mlikuwa nje, mimi nyuma ya mlango na ungo wa mtama. Nikakusikia unamwambia, "Subiri aweke birika. Akiliweka taratibu, muombe. Akilibamiza, rudi kesho."

Kwanza nilicheka, maana ilikuwa kweli tupu. Halafu nikakaa kwenye gunia. Bibi yako anaangalia mawingu akajua mvua ya leo ni ya kweli au ya kupita. Mwanangu alikuwa amejifunza kuniangalia mimi hivyo. Ulikuwa msichana mdogo, na kazi yako ilikuwa kusoma hali ya hewa ya mama.

Nilikuita asubuhi iliyofuata. Na uone mambo, siku hiyo mkono ulikuwa mbaya kuliko wiki nzima.

"Zuhura, lile la Morogoro likoje?"

Ukaniangalia mikono, hukuniangalia usoni. "Lipi, mama?"

"La magreda."

"Lilishapita hilo."

"Limepita au umelificha?"

Ukageuka kutaka kuondoka. Nikakwambia, "Sikiliza. Leo mkono umeamka vibaya. Ukiniomba sasa hivi nitakataa hata chumvi. Njoo alasiri unieleze kila kitu, nami nitajibu mwenyewe."

Nadhani hukuniamini. Lakini alasiri ulikuja, na ukachukua kijiti ukaanza kunichorea greda mchangani, hapa kisu chake, hapa dereva anakaa, hapa inapinda tairi ili isisukumwe na udongo. Nilikuwa sijakusikia ukisema maneno mengi hivyo tangu uache kunyonya vidole. Nikauliza maswali yangu. Utalala wapi? Ikipinduka? Wanaume wakikudharau? Nilikuwa na hofu, Zuhura, na bado ninayo. Ila hofu ile ilikuwa ya mama. Haikuwa ya kwapa. Tofauti yake niliijua siku hiyo kwa mara ya kwanza. Hofu ya mama inauliza na kungoja jibu. Ile nyingine haina haja ya jibu lolote.

Nikasema, "Nenda."

Hukurukaruka. Ulishika kile kijiti ukasema polepole, "Na wewe nani atakuchotea maji?"

Hapo ndipo niliposikia gharama yote ya ile hapana. Nikajikaza nikakujibu, "Punda wa baba yako. Yule hajawahi kunisoma uso hata siku moja." Ndipo ukacheka, ukacheka sana, na baba yako akaja kutuuliza kuna nini.

Basi huko uendako, mwanangu, jifunze kusoma mashine. Kusoma nyuso umeshasoma vya kutosha. Utakutana na mwalimu aliyeamka vibaya, na mwenzako mwenye kidonda chake ambacho hukioni, na watakujibu hapana kabla hujamaliza sentensi. Usiikunje ndoto yako ukaiweka mfukoni kwa sababu hiyo. Rudi alasiri. Uliza tena. Hapana nyingi za duniani ni za mtu aliyekosa usingizi.

Na wewe nawe utaumia. Sikuombei kansa, Mungu akuepushe nayo, lakini kuna kuumia kwingine kwingi. Utachoka, utatukanwa, utapenda mtu ambaye hajui anachotaka. Siku hizo utajiona una akili kali sana. Utaona dunia yote ilivyo mbaya, na utataka kuamua yote papo hapo, kuacha chuo, kugawa masufuria. Sikukatazi kulia. Lia. Ila usihame nyumba siku hiyo.

Usinihurumie kwa mwaka uliopotea hapa. Nimejihurumia mwenyewe, nikachoka, nikaacha. Sasa hivi mambo yangu ni mazuri kuliko unavyodhani. Shamba la bondeni tumelikatua, na mipapai miwili iko nyuma ya choo, usiikanyage ukirudi. Mwezi ujao mtoto wa Mama Eliya anaoa, harusi iko Kilimatinde, kule juu mlimani, na mimi ndiye muimbaji. Nimeshamwambia bwana harusi atangaze kwa kipaza sauti kwamba muimbaji anakumbatiwa upande wa kulia tu. Kliniki yangu ya kila mara naendelea kwenda, na siku ya kungoja majibu bado naogopa. Lakini naogopa nikiwa njiani, siogopi nikiwa nimejifungia ndani.

Nina ombi moja, halafu nikuache. Utakapofika na kunipigia simu, usianze na "Mama, mkono unaendeleaje?" Nakujua, utasikiliza ninavyovuta pumzi kabla hujaniambia lako. Niulize nimefanya nini leo. Kama ninaumwa nitakuambia, siku hizi kinywa changu kinajua kazi hiyo. Na wewe usinifiche siku zako mbaya eti mama ana yake ya kutosha. Nipigie ukiwa unalia, nipigie umeangusha greda mtaroni, nipigie ukiwa na furaha hujui uiweke wapi. Ilikuwa titi na kwapa, Zuhura. Masikio yangu hayakupigwa mionzi.

Nenda, mama.

Mimi mama yako.